Kubali, Kisha Ongeza

3 Februari

Mjukuu wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo kwa kiasi cha uzee: magoti yamegoma na macho yanafanya kazi nusu siku. Shangazi yako, anayenitunza hapa kwake, ananiambia kwamba unapanda jukwaani kuchekesha watu bila kuandika wala kukariri neno lolote. Nimemwuliza tena na tena kama nimesikia vizuri. Mimi, hadi nastaafu, nilikuwa mkalimani wa mahakama. Niliapa nisiongeze, nisipunguze wala nisigeuze neno la mtu, na makarani wakanibandika jina la Kasuku. Sasa mtu analipwaje kwa kusema lisilokuwepo? Kwetu huyo alifungwa.

Nieleze polepole. Unieleze pia siku hizi unapenda nini.

Babu yako,
Kasuku


19 Februari

Shikamoo Babu,

Natumai magoti yamerudi kazini. Mimi mzima, ila sauti imekauka. Juzi nilikuwa ng'ombe onyesho zima.

Kazi yetu iko hivi. Tunasimama wanne, mtu kwenye viti anatutupia neno, tuseme "kinyozi", nasi tunaanza. Kanuni ni moja: mwenzako akikupa kitu, kikubali, kisha ongeza. Akiniambia, "Daktari, mbuzi wangu amemeza ufunguo," sisemi kwamba mimi si daktari. Nasema, "Huyu tena? Juzi tu nilimtoa kufuli." Na anayeanza anatakiwa aseme mapema sisi ni nani na tuko wapi, ili mwenzake asibaki anaelea.

Kuhusu ninachopenda: vikaragosi vya mkononi. Nimeshona kimoja kwa soksi, kinafanana na Shangazi, usimwambie. Filamu za zamani zisizo na sauti pia. Narudia mahali mtu anapoanguka nione alianza na kisigino au na kofia. Utabiri wa hali ya hewa redioni nausikiliza kama shairi. Tena huwa naenda kukaa benki bila shughuli yoyote, kutazama watu wanavyopanga foleni. Mlinzi ameshaanza kunitilia shaka.

Babu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninapenda nini. Asante.

Mjukuu wako


11 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Pole kwa koo, jaribu maji ya uvuguvugu.

Kanuni yako nimeijaribu. Alikuja mzee mmoja hapa, akanikumbatia na kuniuliza kama naikumbuka siku tuliyobeba ile piano. Nikakubali. Nikaongeza kwamba mguu mmoja wa piano ulikuwa mfupi, tukauwekea kamusi. Alicheka hadi akakohoa. Shangazi yako alifurahi, akasema leo Baba umechangamka. Kumbe ni rahisi hivi!

Mumeo hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu?

Babu yako


25 Machi

Shikamoo Babu,

Nimewasomea wenzangu barua yako mazoezini, wakasema tukuajiri. Wewe ni hatari. Mimi ninayeishi peke yangu na soksi yenye macho, umenipa mume na mapacha kwa bei ya stempu moja!

Basi nakubali, na ninaongeza. Mume hajambo, anapiga tarumbeta chooni kwa sababu majirani wameshtaki. Mapacha hawagombani tena, kitanda wamekiuza. Tutakuja wote kukuona, uandae pa kulala.

Mjukuu wako


30 Mei

Shikamoo Babu,

U hali gani? Nimeandika mara mbili tangu ile ya mapacha, hukujibu. Jana Shangazi alinipigia simu. Amesema kila asubuhi unamwuliza mapacha watalala wapi, na umemtandikisha magodoro sebuleni. Amesema pia kwamba yule mzee wa piano ni mdogo wako wa tumbo moja, na kwamba alipoondoka uliuliza ni fundi wa nini.

Nilidhani tunacheza. Sasa sijui ni nani aliyekuwa akicheza. Najua kanuni hairuhusu, lakini lazima niulize. Babu, unanijua mimi ni nani?

Mjukuu wako


8 Juni

Mjukuu wangu,

Leo ni asubuhi njema, akili imekaa kitako, basi niandike kabla haijainuka. Daktari ameniambia kwamba moyo wangu umechoka na safari si ndefu tena. Sitaki kuondoka bila kukiri.

Sikujui. Najua nina mjukuu kwa kuwa shangazi yako amesema, na barua zina saini. Uso sina. Nikiutafuta namwona mtoto aliyevaa kiatu kimoja, na huenda huyo ni wa jirani. Mapacha niliwaamini. Sijui niliwatoa wapi, ila ulipowakubali nilifarijika kwamba angalau hao nimewakumbuka sawasawa.

Watu wanaingia chumbani, wananiinamia, wanauliza, "Unanijua mimi ni nani?" Swali hilo nililitafsiri sana mahakamani, na sikumbuki wakili aliyeliuliza kwa wema. Nikinyamaza wanalia, nami nageuka mshtakiwa. Kanuni yako ndiyo iliyonitoa kizimbani. Mimi niliyeapa nisiongeze neno, sasa naishi kwa kuongeza.

Ukija, usiniulize. Ingia kama unavyoingia jukwaani. Niambie mapema sisi ni nani na tuko wapi. Mengine niachie.

Babu yako, kwa mujibu wa saini zako


29 Juni

Mjukuu wangu mpendwa,

Hujambo? Mumeo na mapacha wazima? Mimi kifua kinauma, lakini kwa sababu nzuri: nimecheka mno.

Jumamosi alikuja binti mmoja. Alisimama kidogo mlangoni, mkononi ameshika soksi, kisha akasema, "Mheshimiwa mkalimani, jaji amechelewa, shahidi wetu ni ng'ombe, na mahakama nzima hakuna anayejua lugha yake isipokuwa wewe." Nikaamuru shahidi aletwe. Binti akawa ng'ombe. Alilia kwa uchungu mwingi, nami nikatafsiri, na kwa mara ya kwanza maishani nikaongeza nilivyotaka mbele ya mahakama. Shangazi yako aliingia na chai, akahukumiwa papo hapo kwa wizi wa maziwa. Ile soksi ndiyo iliyokuwa jaji. Sijui kwa nini ilifanana na shangazi yako.

Binti ana kipaji, ingawa nadhani hakufikii wewe. Nilimsifia kazi yako, nikampa barua zako azione. Alizipitia haraka, kama mtu anayejua kinachofuata.

Alipoaga nikajikuta nimemwita mjukuu wangu. Hakunisahihisha. Alisema, "Ndiyo, Babu," akangoja. Nikaelewa kwamba zamu ya kuongeza ni yangu. Nilimshika mkono tu, tukakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Unisamehe kwa kumpa mgeni nafasi yako. Amesema atarudi Jumamosi ijayo. Na wewe njoo siku hiyo. Nataka sana mkutane.

Babu yako,
Kasuku