Mume Wangu Ananiuliza Kuhusu Mtaalamu wa Ghala

Shikamoo Mama Agripina. Naomba msaada wako, nisome hata kama nimeandika kirefu, maana mimi ni bibi harusi wa juzi tu na furaha bado inanifanya niseme sana. Nimeolewa na Chediel, mnunuzi wa alizeti hapa Singida mjini, na sijui nianzie wapi kumsifia, ananiamsha kwa chai aliyopika mwenyewe, na tangu watu binafsi waruhusiwe kununua mazao amejenga ghala kwa jasho lake, hata wakulima wa kwetu Kinampanda wanamletea mzigo wakimwita mkwe. Sasa anataka mkanda wa umeme unaopandisha magunia wenyewe hadi juu ya rundo, na amepata mtaalamu kutoka Dar es Salaam wa kumchorea na kusimamia kazi, ila ujira wake utatulazimu kuuza kiwanja cha kujengea nyumba yetu. Mtaalamu alikuja masika, ghala likiwa tupu, akapima kila ukuta, na anaongea vizuri kweli. Baba mkwe, mzee Yohana, alicheka: "Mshauri wa kubeba magunia? Kesho utaleta wa kukufundisha kula ugali!" Chediel hakubishana naye, alinigeukia mimi: "Mke wangu, kiwanja ni chetu wote. Sema wewe uliyemaliza sekondari." Mama, mume gani anauliza hivyo? Nilijaa mapenzi mpaka neno likagoma kutoka. Nikimwona anavyopanga lumbesa zake, zile zilizoshonewa wavu juu mpaka zina vichwa, na rundo haliporomoki, naona hakuna kitakachomshinda. Anasubiri jibu langu. Nimwambie nini?

Asnath, Singida

Marahaba, mwanangu Asnath. Hongera, na hiyo chai imenitia wivu. Mumeo ni hodari, sibishi. Baba mkwe ndiye aliyekosea, maana umeme na magunia vikichanganywa kwa kubahatisha, mtu hukatika mkono.

Lakini wewe uliyemaliza sekondari umeliandika jibu ukalipita! Mtaalamu alipima ghala tupu. Lumbesa hajaiona. Pengine amechora mkanda wa gunia bapa, lililoshonwa mdomo likanyooka. La kwenu lenye kichwa litabingirika limwangukie mtu. Nanyi mmelizoea hata hamkukumbuka kumtajia. Tena lumbesa hiyo, gunia na zaidi kwa bei ya gunia moja, inawapunja baba zako wa Kinampanda. Hilo nalo mwambie mkwe wao.

Eti mapenzi yamekuziba mdomo! Huo ni woga uliovaa khanga mpya. Leo hii mwambie: mtaalamu ndiyo, kuuza kiwanja hapana. Aje wakati wa mavuno, ashinde ghalani magunia yakiingia, alipwe kwa kutazama na kutoa ushauri tu. Michoro na usimamizi vingoje faida ya msimu. Akikataa kuja kuona, mmeshamjua, tafuteni mwingine.

Chediel amekuuliza kwa sababu anataka mtu wa kufikiri naye. Makofi atapigiwa na wengine.