Asilimia Arobaini na Sita

MAELEZO YA SHAHIDI
Anayejulikana kama: Mama Jedwali
Umri: Miaka 47
Kazi: Karani wa takwimu, ofisi ya utafiti
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya soko
Yametolewa: 09/06/2021, saa tatu asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya mzee mliyemkamata wiki iliyopita, aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu. Sisi tulimwita Mzee Asilimia.

Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipoajiriwa sikujua hata kuwasha kompyuta. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja na madodoso yaliyofungwa kwa kamba hadi darini. Yeye alisoma majibu kwa sauti, mimi nikaandika namba ya kila chanzo cha maji: bomba moja, kisima kilichofunikwa mbili, kisima cha wazi tatu, mto nne. Nikikosea alikohoa tu. Kisha alitoa jedwali la marudio, linaloonyesha kila jibu limetajwa mara ngapi, akalipitia kwa kidole kama anayesoma barua ya mwanawe. Alisema kila namba pale ni mlango wa mtu, usiupite bila kubisha hodi. Tulicheka sana chumba kile. Sijapata tena kazi tamu vile.

Mnamo tarehe 12/03/2019 mzee alikwenda kupasuliwa jicho. Utafiti wa maji wa vijiji vya bondeni ulikuwa tayari, kaya 2,400. Programu ya takwimu ilikuwa kwenye kompyuta yake peke yake, kwa hiyo aliniachia neno lake la siri.

Tarehe 14, Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkurugenzi aliingia, akasimama nyuma ya kiti changu. Jedwali lilionyesha bomba 614, visima vilivyofunikwa 490, visima vya wazi 731, mto 565. Mzee alikuwa ameshapanga kwamba mbili za kwanza ni maji salama. Ilikuja asilimia 46. Mkurugenzi alisema ripoti ile itatuaibisha.

"Kisima ni kisima," alisema. "Hiyo tatu iweke kwenye salama."

Nilimwambia mzee alivitenga makusudi.

"Mzee hayupo. Wewe upo."

Ulikuwa mstari mmoja tu. Nilibadilisha tatu ikawa salama, nikatoa jedwali upya. Ikaja asilimia 76. Mkurugenzi alinipiga begani, akaondoka. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili, jicho limefungwa bandeji. Ripoti ilikuwa imeshatumwa. Alifungua faili, akalipitia jedwali kwa kidole, akaniuliza, "Binti, nani kagusa hapa?" Nilisema sijui. Hakuuliza tena. Aliandika barua ya kupinga ripoti, haikujibiwa, na mwezi uliofuata akastaafishwa.

Mradi wa kufunika visima ulipelekwa kwingine, kwa kuwa ripoti ilisema bondeni maji ni salama. Mwaka jana bondeni waliugua kuhara. Walifariki watu tisa. Uchunguzi ulipoanza, faili lilikutwa limebadilishwa kwa neno la siri la mzee. Nimesikia alikiri kwamba neno ni lake, wala hakumtaja mtu mwingine.

Jana saa nane mchana nilikwenda kumwona mahabusu. Amekonda. Aliniuliza habari za watoto, akauliza kama dirisha la chumba chetu bado linakwama. Nikalia. Akasema, "Nilijua siku ileile, binti. Nilitaka nisikie kutoka kwako."

Nikamwambia. Sasa nawaambia ninyi. Niliyoyasema nimeyaona kwa macho na kuyafanya kwa mkono huu, sikulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maandishi ya ofisa: Shahidi nilimwonya kwamba maelezo haya yanaweza kumfanya mshtakiwa. Alisema anajua. Nimemsomea yote. Ameomba nisahihishe neno moja: nilipoandika "tulibadilisha", liwe "nilibadilisha". Nimesahihisha, naye ametia sahihi pembeni.