Tairi Niliyobadilisha Kabla Ukoo Haujafika

Mpendwa Mama Wavinya,

Naomba msaada wako, na naomba ukisoma hii barua kwa redio usitaje jina langu, sema tu ni mtu wa Salama mwenye duka la vyuma, hapa barabarani tuko wengi na hawatanijua. Swali langu ni la tairi. Najua watu wanakuandikia mambo ya ndoa, lakini hata hili liko na ndoa ndani, utaona mwenyewe.

Mimi niko na pikipiki ambayo nilikuwa naendesha hapa Salama kwa lami, na nilipomwoa Kanini kutoka Mutomo kaka yake, anaitwa Mulinge, hakuwa na kazi, basi nikampa hiyo pikipiki aifanyie boda huko kwao, na tukakubaliana vile watu wote hukubaliana, dereva anaweka mafuta na mwenye pikipiki ananunua tairi. Sasa kosa langu lilianzia hapo kwa tairi, kwa sababu mimi ni mtu wa lami na nikafikiria kama mtu wa lami, nikaweka zile za mistari myembamba kwa sababu zinakaa, za meno lami inazila upesi, na ile ya nyuma ilipoanza kuwa kipara nikanunua nyingine ya nyuma na hiyo kuukuu nikaihamishia mbele, maana huku kwetu tunasema mzigo uko nyuma, mbele ni ya kuelekeza tu. Mulinge aliniambia kwa simu, "Shemeji, hii ya mbele mchangani haishiki," nikamwambia aendeshe polepole. Akaniambia tena baada ya mvua. Akaniambia mara ya tatu, lakini kwa upole, hakunisukuma, kwa sababu sisi Wakamba tuko na nthoni, ile heshima ya ukweni, na mtu hawezi kugombana na shemeji aliyempa kazi. Mimi nilisema nitanunua mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukafika ukapita.

Mwezi wa tano akaanguka. Alikuwa ametoka kwa mto wa mchanga anapanda ile sehemu ya kokoto, na amebeba mtungi wa kaluvu, hiyo pombe yetu ya kienyeji, sio yake, ni ya mzee mmoja aliyekuwa anapeleka kwa wakwe zake, na tairi ya mbele ikateleza, pikipiki ikamlalia mguu na mtungi ukapasuka pombe ikamwagikia mwili mzima. Waliomwokota walisikia harufu ya pombe kutoka kichwani hadi viatuni. Mulinge haonji pombe, Mama Wavinya, yeye ni mwalimu wa kwaya.

Nilipigiwa simu asubuhi hiyo na saa nane mchana nilikuwa Mutomo. Pikipiki ilikuwa imesimamishwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe na watu wote walikuwa wameenda hospitalini. Niliangalia ile tairi ya mbele, ilikuwa laini kama sahani. Nikaenda dukani nikanunua mpya, ya meno, nikaifunga mwenyewe na spana zangu, nikaipaka matope, na ile ya zamani nikaitupa juu ya paa la choo pamoja na mawe yanayoshikilia mabati. Kesho yake wazee wa ukoo walikuja kuangalia pikipiki, mmoja akauliza kama ni tairi, na mimi nikasema, "Tairi ndiyo hii, mnaiona." Wakaiona. Basi wakasema ni pombe, kwamba alikuwa anaonja mtungi wa mzee njiani. Mama mkwe alinishukuru mbele ya watu kwa kumtunzia mtoto wake pikipiki.

Sasa kanisa limemweka Mulinge chini ya nidhamu, haruhusiwi kwenye Meza ya Bwana, na Jumamosi hii wazee wa kanisa wanakaa kuamua kama wataondoa jina lake kwa kwaya kabisa. Aliwaambia hakuwa amekunywa na hawakumwamini. Nilipoenda kumwona hospitalini aliniuliza kitu kimoja tu, "Shemeji, ile tairi ya zamani uliipeleka wapi?" nikamwambia fundi aliitupa, akasema sawa, akageukia ukuta. Nafikiri ni zile dawa za maumivu.

Mimi nimeamua kumfanyia mazuri. Nataka kumpa ile pikipiki iwe yake kabisa, na tairi nzuri zile za kufaa lami na mchanga pamoja, lakini kila fundi ananiambia lake. Naomba uniambie ni tairi gani nitafute, na pia kama ni lazima kusema hayo mengine, kwa sababu Kanini ni mjamzito na mambo ya ukweni yakiharibika hayarudi, na mtu mzima akisimama mbele ya mama mkwe aseme alidanganya atakaa wapi tena. Nisaidie, silali.

Mimi, mtu wa Salama.

*

Wewe mtu wa Salama,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia kidogo, maana kuchelewa kununua tairi ni kosa la watu wengi, hata mimi nimewahi kupanda kwa tairi ambayo singeiweka hata kwa toroli. Mara ya pili nilifika pale kwa matope, na huruma ikaisha. Mtu aliyeshtuka hapaki tairi matope. Ulikuwa na akili zako zote.

Nianze na tairi kwa sababu ndiyo uliyouliza, na kuna wengine wanaosikiliza ambao bado hawajamwangusha mtu. Tairi ya kazi mbili iko. Katikati mpira wake umeshikana, hapo ndipo inatembelea lami bila kuisha haraka, na pembeni iko na meno yaliyoachana, hayo ndiyo yanauma mchanga na kokoto. Haitashinda ya lami kwa lami, wala haitashinda ya meno kwa mto wa mchanga, lakini anayetoka mjini Mutomo kwa lami halafu akate kona aingie vumbi atafika. Ikiwa safari zako nyingi ni za vumbi, chukua yenye meno makubwa zaidi na ukubali itaisha mapema. Ukiingia mchanga mwingi punguza upepo kidogo, ukirudi kwa lami na mzigo ujaze tena. Na hiyo ya kuhamisha kuukuu mbele muiache, ninyi nyote. Ya nyuma ikiteleza dereva anaweza kupambana nayo. Ya mbele ikiteleza ameshaanguka. Mbele weka ile nzuri kuliko zote ulizo nazo. Fundi Kaloki wa kule Tulia amefunga tairi miaka ishirini na ndivyo aliniambia, na hakunitoza kitu.

Sasa tumemaliza tairi. Lakini hukuniandikia kwa sababu ya tairi, bwana. Ungetaka tairi ungeenda dukani, siku ile ya kutaka moja upesi ulijua duka liko wapi.

Unasema utampa Mulinge pikipiki. Mguu wake umeumia, hujaniambia kama utapiga kiki tena, sidhani umeuliza. Unampa pikipiki mtu ambaye umemnyang'anya jina. Na watu watakupigia makofi, si ndiyo? Shemeji mzuri, amemsamehe mlevi akampa na pikipiki.

Na hizo dawa za maumivu unazosema. Dawa gani? Mulinge alilala chini kando ya hiyo tairi akingojea watu. Aliiendesha miezi yote hiyo, anaijua kuliko anavyojua kiganja chake, alikuambia mara tatu. Halafu anasikia ukoo mzima unasema tairi ilikuwa mpya, ya meno. Anajua. Alikuuliza mahali ilipo ili akupe nafasi ya kusema, nawe ukamdanganya kitandani. Akageukia ukuta. Amewaambia wazee wa kanisa hakunywa, lakini hakuwaambia wewe ulifanya nini, na neno moja lingemwosha. Kwa nini? Kwa sababu dada yake analala nyumbani kwako na ana mimba. Huyo kijana anakulipia ndoa yako kwa jina lake, na wewe unaniuliza kama ni lazima.

Ndiyo, ni lazima. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika mwisho Jumamosi. Leo ni Jumatano. Barua yako nimeisoma redioni leo makusudi, jina sikutaja, lakini mtu mwenye akili akisikia kaluvu na mwalimu wa kwaya hahitaji jina, na Mutomo wana redio. Uko na siku mbili za kutangulia.

Fanya hivi. Leo mwambie Kanini, wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa jirani. Kesho nenda Mutomo, panda juu ya hilo paa, teremsha hiyo tairi. Ikiwa bado iko. Ikiwa haiko, nenda hivyo hivyo na mdomo wako. Uanze kwa Mulinge, si kwa mama mkwe. Usitume mzee akusemee na usitangulize mbuzi, mbuzi wa kunyamazisha watu mimi nimewaona wengi na nyama yao haishuki. Jumamosi ingia kwa kikao cha wazee, uwaambie aliyedanganya ni wewe na pombe ilikuwa ya mtungi. Uombe walitangaze hilo kanisani Jumapili, kwa sababu nidhamu yake ilitangazwa hapo. Pikipiki ukimpa, mpe baadaye, na asipoitaka usimlazimishe.

Huenda mama mkwe asikutazame usoni tena. Huenda Kanini arudi kwao ajifungulie huko. Sitakudanganya kwamba watakusamehe, mimi sijui, na si haki yako kuwapangia siku. Utabaki Salama na duka lako la vyuma, na Mulinge atasimama mbele ya kwaya kwa mguu mmoja mzima.

Na Kanini akikuuliza kwa nini hukusema siku ile ya kwanza, usimwambie ni nthoni. Nthoni ni heshima, na wewe hukumheshimu mtu pale. Mwambie uliogopa, halafu nyamaza umsikilize.

Mama Wavinya