Madawati Yaliyokataa Kugeuka

Dada Ndeshi,

Najua huko uliko utauliza kwanza habari za Darasa la Tano, za kwangu baadaye. Basi nianze nalo. Watoto wako wazima, wana kelele kuliko ulivyowaacha, na darasa lako la upande wa mlimani limepakwa rangi ya manjano. Wewe ungesema tumelipaka homa. Wao wameipenda.

Projekta imefika. Ile uliyoiomba kila kikao cha walimu, mpaka mwalimu mkuu akikuona tu unasimama anatazama saa. Imefika wakati tumeshakuzika. Nilipoiwasha mara ya kwanza nililia mbele ya watoto, halafu umeme ukakatika tukacheka wote. Wewe ndiye uliyeitaka na mimi ndiye ninayeifaidi. Hilo linaniuma, siwezi kukuficha.

Nikafanya na lile tulilokuwa tukilipanga huku tunakunywa loshoro yako ya mahindi na maziwa mgando ofisini: nikavunja safu. Niliunganisha madawati, watoto wakakaa kwa makundi wakitazamana, kila kundi na kishikwambi chake, vile vilivyokuja pamoja na projekta. Kundi la Jesca lilipiga picha maji ya mto pale nyuma ya shule, wakarudi wanabishana kwa nini yana rangi ya chai. Jesca, dada. Yule uliyekuwa ukisema sauti yake ameiacha nyumbani. Alisimama pale ukutani kwenye picha ya projekta akamwambia Baraka, "Wewe hukuangalia vizuri, kaa chini." Nilitamani nikuite uje uone.

Kisha akaja Mzee Elifuraha, mwenyekiti wa kamati ya shule. Unamjua, mtu wa salamu kwanza, mengine baadaye. Aliingia bila hodi, watoto wakamwamkia, "Shikamoo babu," na nusu yao walikuwa wamempa mgongo. Hakuitikia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. "Mtoto anamwamkia mkubwa kwa kisogo? Hii ni shule au kijiwe cha kahawa?"

Mwalimu mkuu akaniambia kikao cha wazazi ndicho kitakachoamua. Wakikataa, safu zinarudi na projekta inaingia stoo. Nikaogopa kweli. Nilijua Jesca akirudishwa kule nyuma ya safu atanyamaza tena, na safari hii asingekuwepo Ndeshi wa kumsubiri.

Niliomba kikao kifanyike mlemle darasani. Usinisifie, sikuwa na ujanja wowote, nilitaka tu waone ile rangi. Wazazi wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yaguse videvu, wakaanza kuchezea vishikwambi. Ndipo mzee akaingia.

Dada, laiti ungekuwepo. Kila aliyekuwa amempa mgongo alitaka kugeuka amwamkie, kama tulivyolelewa, na hakuna aliyeweza. Si unajua yale madawati benchi limeungana na meza. Mtu mzima akishaingia amenasa. Mama Jesca alijipinda mpaka kitenge kikalegea, akaishia kutoa shikamoo yake kwa ukuta. Baba Baraka alijaribu kusimama, akainuka na dawati lake.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Nikajua sasa yamekwisha. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe ni madawati," akasema. "Mwalimu, mbona hukuniambia hawa watoto wamefungwa?"

Ningemwambiaje na mimi mwenyewe sikuwa nimeliona? Nimesomea kwenye madawati hayohayo na nimefundishia hayohayo, wala haikunijia kwamba benchi linaweza kukatwa. Wazazi hawakupiga hata kura. Baba Baraka ni seremala kule Usa River, akaja na msumeno na vijana wake, wakatenganisha mabenchi na meza, wakayafanya stuli.

Jana mzee alirudi, na alibisha hodi. Stuli zikageuka zote kwa kishindo, darasa zima likamwamkia uso kwa uso. "Marahaba, wajukuu zangu," akaitikia, na uso wake ulikuwa umekunjuka. Kisha watoto wakageukia kazi yao, wakamsahau kabisa, migongo yote kwake. Mzee akavuta stuli akaenda kuketi kwenye kundi la Jesca. "Haya," akamwambia, "nifundishe hicho kitu." Jesca akamfundisha, tena kwa sauti ya juu, maana mzee hasikii vizuri.

Nimekukumbuka jana kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza sikulia. Nilifurahi tu kwamba niliwahi kufundisha karibu na wewe.

Pumzika sasa, dada yangu, habari ndizo hizo. Darasa la Sita bado wamekaa kwenye madawati ya zamani, na mwalimu wao anasema hataki kusikia mambo yangu. Nakuahidi atayasikia. Baba Baraka ameniachia msumeno.

Mdogo wako,
Anaeli