Nilimpa Jaji Sifuri kwa Kuniitia Mkalimani

Mpendwa Mama Chepkemoi, tangu nioe sijawahi kumwomba mtu ushauri, ushauri huwa natoa mimi, lakini hili limenikwama kooni na naomba unisaidie kulitoa.

Mimi kule Meru nilikuwa mzee wa baraza, na si baraza la chifu, nasema korti kuu, tulikuwa wazee watatu tunakaa kando ya jaji kwa kesi za mauaji, na kabla hajaamua anatugeukia mmoja mmoja, mzee, wewe waonaje, na mimi ndiye nilikuwa naulizwa wa kwanza kwa sababu ya kichwa changu, shule nilifika darasa la nne tu lakini kesi nilizishika zote, hata leo naweza kukwambia shahidi gani alivaa shati gani. Asubuhi za Julai kulikuwa na yale manyunyu ya kwetu, tunafika na makoti mazito, jaji ametoka Nairobi, nywele za bandia kichwani, sauti kama ngurumo, akikohoa tu askari anasimama wima. Saa nne tunaletewa chai na mandazi. Hiyo ndiyo ilikuwa korti. Mpaka leo nikifunga macho naisikia ile sakafu ya mbao ikilia chini ya viatu vyake.

Sasa huku ng'ambo nilikohamia majaji wanapigiwa kura kama madiwani, jambo ambalo sikuliamini mpaka nikapata uraia nikayaona majina kwenye karatasi, na kanisani kwetu hakuna anayejua hata jina moja, sehemu hiyo wanairuka tu. Kwa hivyo komiti moja ya raia ilipotafuta watu wa kukaa kortini, watazame majaji wanavyofanya kazi na wajaze fomu za alama, ili kabla ya Novemba watoe kijitabu cha kuongoza wapiga kura, nilisimama kanisani nikasema mtu wa kazi hiyo mnaye. Walipiga makofi. Nimeenda siku nne, binti yangu Nkatha ananiacha pale kabla ya kuingia kazini hospitalini, na jioni ananisomea maswali nami namwambia alama za kuandika, sifuri mpaka tano.

Majaji wengine niliwapa haki yao. Lakini kuna mama mmoja, sauti yake ya chini mpaka unainama kumsikia, huyo nilimpa sifuri kila mahali, na tulipofika swali la kama jaji anahakikisha watu wanaelewa yanayosemwa, Nkatha akaniuliza mara mbili, Baba, una hakika, nikamwambia andika sifuri. Swali la mwisho lilikuwa kama nimewahi kuwa na kesi mbele ya jaji huyo. Nikasema andika hapana.

Mama, niliwahi. Miaka mitatu iliyopita kule Bloomington nililipita kwa gari basi la shule likiwa limesimama na taa zinamulika, ambalo huku ni kosa, nikaitwa kortini, nikaenda peke yangu, Nkatha sikumwambia. Nikaanza kujieleza kwa Kiingereza changu, ambacho nilikizungumza na Wazungu wa mashamba ya ngano ya Timau kabla hao maloya wa hapa hawajazaliwa, na huyo mama akainua mkono polepole akasema tungoje kwanza aitwe mkalimani, hataki neno langu hata moja lipotee. Watu wamejaa kwenye viti. Mimi, wa korti kuu. Wakaweka kijana kwenye simu anitafsirie kama mtoto. Kosa alinipunguzia, sikatai, lakini siku hiyo niliapa sitamsahau.

Ningenyamaza, lakini Jumapili iliyopita rafiki yangu Callixte, Mkongo tunayekaa naye benchi moja kanisani, alinisimulia kesi yake na mwenye nyumba aliyetaka kuwatoa. Kumbe jaji alikuwa huyo huyo. Akaniambia, "Muzee, ule mama juge alinyamazisha avoka, ule wakili wa mwenye nyumba, akaniambia nirudilie polepole. Tangu nitoke kwetu, yeye ni wa kwanza mwenye cheo kunisikiliza mpaka mwisho." Halafu akaniuliza nimempa alama gani, maana Wakongo wenye uraia watapiga kura nitakavyosema mimi. Nikamwambia kazi bado inaendelea.

Ijumaa kijitabu kinachapishwa, na mwaka huu mama huyo ana mpinzani. Nkatha nimemweleza ukweli, anataka nifute. Mimi nasema mzee wa baraza hali matapishi yake. Nifanyeje? Jina langu usilifiche.

Mzee Nahashon, Brooklyn Park

*

Mzee wangu Nahashon, nakuamkia kwa heshima zote, kisha nikukemee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikamkumbuka marehemu baba yangu, aliyekataa kifaa cha kusikia mpaka tukamzika. Kuikumbuka korti yako si kosa. Kule ulikuwa unangojwa useme, na hapa unangoja gari la binti yako. Hilo linauma na silidharau.

Lakini huyo mama hukumpima kazi, ulimlipizia kisasi. Umeulizwa kama anahakikisha watu wanaelewa, na wewe mwenyewe ndiye ushahidi kwamba anahakikisha. Tena nikuulize, huyo jaji wa Nairobi alijua Kimeru? Mashahidi wakisema, nani alikuwa anamtafsiria? Palikuwa na karani, na hakuna mzee hata mmoja kati yenu aliyemwona jaji mjinga.

Sifuri ni hasira, na hasira husameheka. Ile "hapana" ni uongo, na uongo huo umemwandikisha mtoto wako kwa mkono wake. Shahidi wa namna hiyo angekuja mbele yenu pale Meru, na jaji akugeukie wewe wa kwanza, ungemjibu nini? Jibu unalo, ndiyo maana ukaniandikia.

Basi fanya hivi. Usingoje Ijumaa, piga simu kwa komiti kesho asubuhi, useme mwenyewe, usimsukumie Nkatha. Waambie ulikuwa na kesi mbele ya jaji huyo na fomu yake itolewe yote. Usijaribu kugeuza sifuri ziwe tano, mwenye kesi hana alama za kutoa, ziwe za juu au za chini. Wakikuondoa kwenye kazi, ondoka bila kelele. Kisha mtafute Callixte, umwambie ulichofanya na sababu yake. Akinuna, mwache anune. Wala usimwambie ampigie nani kura. Alisimama mbele ya jaji huyo, wenzake wamsikilize yeye.

Aibu yako ni ya wiki mbili, watu watapata jambo jingine la kuzungumza. Kiti cha jaji ni miaka sita. Kikichukuliwa na mtu asiyejali kama umeelewa au hukuelewa, atakayeumia si wewe mwenye Kiingereza cha Timau. Ni mgeni aliyefika mwezi jana, ambaye hajui hata kwamba anaweza kuomba mkalimani.