Kichwa, Shingo, Bega

Larch Fork,
Montana.
4 Oktoba, 2011.

Mpendwa shemeji Orrin,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako halikusumbui sana kwenye baridi ya huko Alaska. Unakula vizuri? Mama yako ananiuliza hivyo kila Jumapili, kana kwamba mimi naletewa sahani yako niikague. Amesikia huko mnakula samaki asubuhi, mchana na jioni, na habari hiyo inamkosesha raha kabisa.

Sisi hatujambo kwa kiasi. Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu, maana tangu uondoke miaka minane na zaidi iliyopita nimekutumia kadi za Krismasi tu. Nimepiga simu kambini kwenu mara nne. Mara tatu haikushika, na mara ya nne mtu mmoja akanijibu kwamba mko mtoni na hajui mtarudi lini. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimeambiwa ndege ya barua hutua kwenu Jumanne na Ijumaa. Nakuomba, ukimaliza kusoma usiikunje ukaitia mfukoni ukasema utajibu kesho.

Huku theluji ya kwanza imekwisha kuanguka mlimani, na elki wameanza kushuka na mapembe yao, wakubwa kama farasi. Asubuhi madume wanapiga mbinja zao hadi nawasikia nikiwa jikoni. Msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi ya tarehe 22. Juzi niliisafisha friza nikakuta mifuko miwili ya nyama ya kusaga na shingo moja ya kulungu ambayo Tova anasema ina umri kumzidi yeye. Unajua mwenyewe mambo yetu. Elki mmoja na kulungu wawili ndiyo nyama yetu mpaka msimu mwingine, na tangu kiwanda cha mbao kifungwe, mshahara wangu wa jikoni pale shuleni haununui nyama ya buchani.

Signe ametimiza miaka kumi na miwili. Alimaliza mafunzo ya uwindaji mwezi wa sita, na kibali chake cha kwanza amekibandika ukutani juu ya mto wake. Usingemtambua. Amenitupia sabuni zote zenye manukato. Nguo za kuwindia anazifua kwa magadi ili wanyama wasinuse harufu, anazianika mbali na moshi, na mimi nimekatazwa kukaanga vitunguu zikiwa ndani. Tova ana miaka minane, na amejipa kazi ya kubeba mikate na kunyamaza. Kubeba mikate ataweza. Kila akirudi shule anafanya mazoezi ya kutembea juu ya majani makavu bila kusikika, halafu anakuja mbio kutuuliza kwa sauti kubwa kama tumemsikia.

Mtoto wa umri wa Signe haruhusiwi kubeba bunduki porini bila mtu mzima kando yake. Mtu mzima huyo ni Arvid. Hapo ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Shemeji, kaka yako haoni.

Sisemi kwamba haoni vizuri, au anahitaji miwani mipya. Ni kisukari. Kingo za vitu anaziona, lakini katikati, pale anapotazama, pana ukungu. Anaiona fremu ya mlango, hamwoni aliyesimama mlangoni. Kwa hiyo anatembea nyumbani bila kugonga kitu, anapasua kuni, anamtandika farasi kwa mikono inayojua kazi yake, na mimi mke wake nimelala naye kitanda kimoja mwaka mzima nisijue lolote. Tangu Januari mimi ndiye ninayeendesha pikapu. Aliniambia ni mgongo, nami nikamkanda huo mgongo kwa dawa kila jioni kama mjinga.

Nimejua juzi Jumapili, na sasa nitakueleza nilivyojua.

Tulikwenda kwenye lile shimo la kokoto kurekebisha shabaha za bunduki, kama kila mwaka. Tulikuwa sisi wanne tu. Unaikumbuka sheria ya pale: mtu akienda kubadilisha karatasi, bunduki zote zinalazwa mezani zikiwa wazi na hakuna anayezigusa. Arvid ndiye aliyewafundisha sheria hiyo nusu ya watoto wa bonde hili. Tova akadhani tumemaliza, akakimbia kwenda kuchukua karatasi. Signe alikuwa ameinama anaokota maganda ya risasi, mimi namimina kahawa. Fulana ya rangi ya chungwa ya mtoto, ile ya kumfanya aonekane porini, ilikuwa kwenye pikapu, kwa kuwa msimu bado. Alivaa lile koti lako la kahawia uliloliacha. Nililipunguza mikono mwenyewe.

Arvid akainua bunduki. Akanong'ona kwa furaha, "Signe, njoo uone. Jike la elki, limetoka pale kwenye misonobari. Msimu bado, lakini tufanye mazoezi." Kisha akaanza ile hesabu ya marehemu baba yenu, ambayo katika familia hii hakuna anayefyatua bila kuitamka kwa sauti, na asiyeviona vyote vitatu haruhusiwi kufyatua.

"Kichwa," akasema. "Shingo. Bega."

Alivitaja vyote vitatu, shemeji. Alivitaja kwa sauti ile ile ya utulivu anayowafundishia watoto, na hakuona hata kimoja.

Signe hakupiga kelele. Alisema polepole, kama unavyosema na farasi aliyeshtuka, "Baba, ishushe. Ni Tova huyo."

Akaishusha. Akacheka, akasema alikuwa anatutania. Nilikwenda nikaichukua mikononi mwake nikaifungua, na risasi ilikuwa ndani. Tova akarudi na karatasi yake akituonyesha matundu, akauliza mbona mama amemwaga kahawa yote.

Labda asingefyatua. Nimeyarudia maneno hayo hadi yamekosa ladha. Msimu ulikuwa haujafunguliwa, na ni mtu mwangalifu, labda asingefyatua. Lakini tarehe 22 msimu utakuwa umefunguliwa, na friza ni tupu.

Tuliporudi nyumbani nilizitafuta risasi zote nizifiche. Ndani ya sanduku lake la risasi nikakuta barua ya daktari wa macho, ya mwezi wa nne. Daktari alimwandikia waziwazi aache kuendesha gari na aache bunduki. Aliikunja mara nne akaiweka chini ya zile risasi za elki.

Kesho yake nilimwita Signe tukaosha vyombo pamoja, maana mtoto huyu haongei ukimkalisha kitini. Akaniambia anajua tangu majira ya kuchipua. Unakumbuka Arvid alivyo na mchezo wake wa kuwauliza watoto, "Unaona nini? Niambie kabla sijakuambia." Mwaka huu amewauliza hivyo kila hatua, nami nikajivunia kwamba nimeolewa na mwalimu. Kumbe alikuwa anauliza kwa sababu anataka kujua. Signe ndiye aliyegundua, akawa anamjibu kwa ukamilifu: majike matatu, kushoto kwa kisiki kilichoungua, hatua mia mbili. Hawajawahi kulizungumza jambo hilo, baba wala mtoto.

Nilimwambia hawatakwenda. Akaweka sahani chini akanitazama kwa yale macho ya upande wenu. "Mama, mimi ndiye macho yake," akasema. "Ukimwambia mtu yeyote, umemzika." Nikamuuliza, je, jana macho yake yalikuwa wapi? Yalikuwa kwenye maganda ya risasi, akasema, kisha akalia. Bado anasema watakwenda. Nikifunga lango la mbele watatoka kwa nyuma, wote watatu, na mdogo ana mikate mgongoni.

Arvid mwenyewe nimemjaribu. Nilimwambia tununue nusu ng'ombe kwa mkopo, akasema bado hajafa. Nikamwambia twende kwa askari wa wanyamapori tuombe ushauri, akaondoka mezani. Nikienda mimi, watamnyang'anya kibali, na bonde zima litajua kabla ya chakula cha jioni kwamba mwalimu wa watoto wao alimlenga mwanawe. Nimefika mpaka mlangoni kwa askari, shemeji, nikageuka. Nikiendelea hivi nitarudi tena, na nitagonga.

Utauliza kwa nini nisiende nao mimi. Mimi ni mtoto wa mjini. Miaka kumi na tano nimekata elki nikawafunga kwenye karatasi, lakini wakiwa bado na miguu siwajui. Kwa hatua mia mbili, kwangu kisiki na dume ni kitu kimoja. Familia hii tayari ina mtu mmoja wa namna hiyo.

Sasa nafika kwenye lile ambalo hatujawahi kuliandika. Najua kwa nini uliondoka. Najua uliona kitu cha kahawia kikitembea, hukuhesabu, ukafyatua, na akaanguka Dagny, nyumbu wetu wa mizigo, na Arvid akiwa hatua tano nyuma yake ameshika kamba. Najua alichokuambia. Nilikuwa dirishani. Alikuambia usikanyage tena mlima wenye watoto wake. Mwaka ule nilimwona ana haki. Mimi pia nilikulaani, na naomba unisamehe, maana nilikuwa na mimba ya Tova na kila nilipofumba macho niliona tumbo langu bila baba.

Mama yako aliniambia hujagusa bunduki tangu siku ile. Basi sikuombi uje na bunduki. Nataka uje na macho yako. Utembee mbele ya wanangu, na Arvid akisema kichwa, wewe utazame kama kuna kichwa. Sijui mtu mwingine duniani atakayetazama mara mbili kama wewe. Wewe unajua ilivyo. Wengine wote tunabahatisha.

Nauli ikikushinda niambie, tutaona. Ukipanda ndege ya tarehe 18, nitakuja kukupokea Missoula kwa pikapu, hata theluji iwe ya kiunoni. Kama huwezi kuja, mpigie, mwandikie, mtukane, fanya lolote ambalo ndugu hufanya. Mimi nimeishiwa. Naamka nahesabu siku, zimebaki kumi na nane, na kila asubuhi nasikia Tova anatembea juu ya majani.

Nilipofika hapa Arvid ameingia kutoka nje, amemimina kahawa kwa kidole kimoja ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Huwa anafanya hivyo, na mimi nilidhani ni utovu wa adabu. Ameketi mbele yangu. Ameniuliza namwandikia nani, nikasema namwandikia shangazi yangu wa Spokane.

Amekunywa nusu kikombe. Kisha amesema, "Shangazi yako alikufa mwaka jana, Lenore."

Nimeendelea kuandika ili kalamu isikike. Amesema, "Mwambie Orrin aje na buti zake. Zangu hazimtoshi." Baadaye tena, bila kugeuza uso, ameniuliza kama nimekuandikia habari ya Tova. Nikasema nimekuandikia yote. "Afadhali wewe," akasema. "Mimi nisingeweza."

Habari ya bunduki hakuitaja, nami sikuthubutu kumuuliza. Usidhani mambo yamekwisha. Ile ya elki bado iko ukutani, na tangu anisikie nikizitafuta risasi, ufunguo wa kabati lake ameuvaa shingoni.

Mama yako Inga anakusalimu sana. Anasema kikombe chako cha bati bado kiko kwenye msumari wake, na kwamba hatakufa kabla hajakuona, ingawa anasema hivyo kuhusu mambo mengi. Signe anakusalimu, hajui nimekuandikia haya, usimwambie ulikoyajua. Tova hakukujua, lakini ameniomba nikuulize kama koti utalitaka tena, maana analipenda. Nimemwambia halivai tena mpaka theluji iyeyuke.

Mungu akulinde njiani, akutulizie hewa chini ya ndege, akufikishe ukiwa na viungo vyako vyote na macho yako mawili.

Mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukungoja,

Lenore Brekke

Arv

Tena: Kaka yako ameomba kalamu atie jina lake. Nilitaka kumwekea kidole mahali pa kuanzia, akauondoa mkono wangu, akasema anajua karatasi ilipo. Ndiyo hizo herufi tatu unazoziona hapo juu. Zilizobaki ameziandika kwenye meza ya jikoni. Sijazifuta. Njoo uzisome.