Darasa Lililoujadili Unga Wetu

Gulele, Addis Ababa
Mwezi wa Hidar, wiki moja baada ya sikukuu ya Mikaeli

Kwako dada yangu mkubwa Tewabech,

Pokea salamu zangu, nyingi kama siku ambazo hatujaonana. Hujambo? Shemeji Mulat hajambo? Na lile goti lake, bado linamwambia mvua inakuja? Nasikia Dessie mwaka huu baridi imewahi. Huku nasi tunatetemeka, ila mimi nashinda karibu na vikaango, siwezi kulalamika. Jino langu moja la nyuma liling'oka siku ya Mikaeli, lenyewe, bila kuaga. Mengine yote salama.

Anayeniandikia ni binti mmoja anaitwa Fikirte, anasoma chuo kikuu. Amefikaje kwangu utaona mbele. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Najua utasema, Abonesh na barua wapi na wapi, wakati kila sikukuu tunapigiana simu. Ndiyo, tunapigiana. Lakini kila nikitaka kukwambia hili jambo najikuta nakuuliza bei ya kondoo. Mara nne sasa nimekuuliza bei ya kondoo, dada, na mimi kondoo wenyewe sinunui. Barua huwezi kuikata katikati, wala mimi siwezi kukimbia katikati. Kwa hiyo kaa, umwambie anayekusomea asiruke mstari.

Nianze na Ato Kinfe. Huyu ni bwana anayesafirisha injera, mikate yetu hii, kwa ndege kwa watu wetu walioko ng'ambo. Anataka jiko langu limwokee injera elfu nne kila siku. Ila anataka ndani iwe nusu unga wa tefu na nusu wa mtama na mchele, na juu ya mfuko iandikwe tefu. Anasema huko ng'ambo wamesahau ladha, hakuna atakayejua. Anataka jibu kabla ya Krismasi. Nikikubali, wanawake wangu ishirini na sita wanakuwa sitini. Nikikataa, anakwenda kwa jirani yangu wa pale chini, na jirani akishapata mzigo ule atanimeza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu sikukuu ya Meskel.

Sasa, nina mteja anaitwa Dokta Mahlet. Mwembamba, ana miwani, hula injera tatu peke yake, sijui zinaenda wapi. Anafundisha chuo kikuu, na si vijana, ni wale waliomaliza digrii ya kwanza wakarudi tena. Watu wana vipara, wana watoto, bado wanasoma. Somo lake lina jina refu, sera na mikakati ya biashara. Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akasema ni kumfundisha mtu aamue kampuni yake ifanye nini na ikatae nini, wakati hana uhakika na muda umekwisha. Nikamwambia mbona hilo mimi nalifanya kila nikienda sokoni na sijalipa ada. Alicheka, lakini kesho yake akarudi na daftari.

Alisema vitabu vyao vimejaa viwanda vya magari na soda vya nchi za mbali. Wanafunzi wanajua tajiri wa Marekani alifikiri nini, hawajui mtu wa Gulele anafikiri nini. Basi miezi miwili alikuwa anakaa kwenye kigoda changu, moshi unamtoa machozi, ananiuliza. Nilianzaje, nilikosea wapi, nilikataa nini. Unanijua, kuongea sijawahi kuombwa mara mbili. Akaandika kurasa kumi na moja, mpaka ombi la Ato Kinfe akalitia. Jina langu akalificha, akaniita Mama Z. Wanafunzi wasome nyumbani, waje waseme Mama Z ampe Kinfe jibu gani.

Akanialika nikasikilize. Ila wana desturi yao, mwenye kisa anakaa nyuma kabisa na hafungui mdomo mpaka mwisho, kisha anasimama na kusema mwenyewe alifanya nini. Saa moja na nusu, dada. Mimi. Nilimwambia Dokta hata kwenye mazishi ya baba sikunyamaza muda huo. Akasema ndiyo maana ananionya mapema.

Jumamosi saa tatu nikafika, nimejitanda shuka jeupe lenye pindo la kijani, lile la harusi. Wanafunzi arobaini. Bwana mmoja mwenye tai, Tariku, meneja wa benki, akaniona nyuma pale, akaniomba kwa heshima kabisa, mama, kahawa yangu usiweke sukari. Nimeshaapa kunyamaza, ningefanyaje? Nikaitikia kwa kichwa tu. Alisubiri kahawa ile mpaka mwisho.

Na Dokta Mahlet hafundishi, ujue. Anauliza tu. Mtu akijibu, anamgeukia mwingine, wewe unakubaliana na huyu? Anawachonganisha hivyo, wakianza kugombana anasimama pembeni amefurahi. Nikajiuliza huyu analipwa kwa kazi gani. Baadaye nikaona ni kazi, maana mtu aliyekuja hajasoma alikamatwa sentensi ya kwanza, akaanza kunishauri ninunue ng'ombe.

Tariku akasema Mama Z akubali haraka, na akishakubali akae pembeni, aajiri meneja mwenye diploma, kwa sababu tatizo la kampuni hii ni huyu bibi mwenyewe, kila kitu kiko kichwani mwake, akifa leo kampuni inazikwa naye. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Mama mmoja wa wizarani akamwambia, wewe Tariku, mkeo akisikia unavyowasema wanawake wanaojua kupika utakula hukohuko benki. Darasa zima likacheka. Ila tukisema kweli, Tariku hajakosea. Kiko kichwani mwangu, na kichwa chenyewe kinazeeka.

Halafu wakafika kwenye ukurasa wa mwaka ule tefu ilipopanda bei. Unaujua. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba mwaka ule waokaji wote walichanganya mtama kimyakimya, ila Mama Z peke yake alisema hapana, bora niuze kidogo kuliko kumdanganya anayekula. Darasa likasifu, dada. Wakasema hiyo ndiyo sera, hapo ndipo kampuni ilipozaliwa, mtu anajulikana kwa anachokikataa. Dokta akayaandika ubaoni maneno yale kwa herufi kubwa. Bora niuze kidogo. Mimi sijui kusoma, lakini alipoyatamka nikayajua ni ya nani. Nilihisi shuka limekuwa zito.

Ndipo Fikirte akanyoosha mkono. Yeye ni mtu wa Gojjam, amekulia kwenye moshi kama sisi. Akasema kurasa hizi zina kasoro. Kwanza, Mama Z alianza na vikaango vitatu vya udongo juu ya kuni, na mtu mmoja hawezi kumimina, kufunika, kubandua na kuchochea moto kwenye vitatu. Kuna mikono mingine hapa na haijatajwa. Pili, kama mwaka ule alikataa kuchanganya, kwa nini mwaka uleule hospitali aliyokuwa anaiuzia ilimnyima oda miezi mitatu? Wateja hawamkimbii mtu mkweli. Ama mwalimu umekosea kuandika, ama Mama Z hajasema yote.

Dokta akavua miwani akaifuta. Akasema mwenye kujua yumo humu ndani, na akanitazama. Tariku naye akageuka, akanitazama, akajua kahawa yake haiji.

Nikasimama. Niliwaambia kwamba mikono mingine ilikuwa ya dada yangu, anaitwa Tewabech, na kwamba maneno yale ubaoni ni yake. Mimi ndiye niliyetaka kuchanganya, yeye akakataa, na mimi nikachanganya hivyohivyo alfajiri, amelala, kwenye unga aliokuwa ameukoroga kwa mikono yake. Nikakaa. Dokta hakunikaripia. Alisema tu kwamba hiki ni kisa kizuri kuliko alichokiandika yeye, na kwamba karatasi zile hazitoki tena mpaka zisahihishwe. Ndipo Fikirte akanifuata nje, ana wasiwasi ameniaibisha. Nikamwambia unajua kuandika barua?

Lakini darasani niliwaambia nusu. Nusu nyingine ni yako, na Fikirte mwenyewe anaisikia sasa hivi. Ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mwanangu.

Dada, miaka thelathini na mbili umeamini kwamba Ato Gebeyehu wa kinu cha kusaga ndiye aliyewaambia watu kuwa wewe ndiye mchanganyaji. Hukumsalimia mpaka amekufa. Mazishi yake hukuja. Si yeye. Ni mimi. Bwana stoo wa ile hospitali alikuja mlangoni, injera ameishika mkononi, akaniuliza mtama huu umetoka wapi. Wewe ulikuwa kisimani. Nikamwambia, anayekoroga unga ni dada yangu, muulize yeye. Maneno hayo tu, nilidhani yatapita. Hayakupita. Yalikwenda sokoni, yakaenda kanisani, wanawake wakawa wanasogeza mabakuli yao kando ukipita. Ukafunga nguo zako ukaenda Dessie, na mimi nikakusindikiza kwenye basi, nikalia, na sikusema.

Na kibaya zaidi ni hiki. Ulipoondoka nikarudi kwenye tefu tupu, kama ulivyosema wewe, na nikawaambia wateja kwamba sasa waje bila wasiwasi, aliyekuwa anachanganya ameondoka. Wakarudi. Haya majiko yote nimeyajenga juu ya jina lako.

Siandiki ili unihurumie. Kabla ya kukuandikia nilitaka kwanza nisafishe nilipochafua, usije ukaambiwa samahani ya chumbani. Jumatano niliwakusanya wanawake wote ishirini na sita, tukachemsha kahawa, nikawaambia nani alichanganya na nani alisingiziwa. Wawili walikuwapo enzi zile, mmoja alikuwa miongoni mwa waliosogeza bakuli. Alilia kuliko mimi. Alhamisi nikaenda kwa mjane wa Gebeyehu. Yule mama alinikalisha, akanisikiliza mpaka nikamaliza, hata maji hakunipa. Kisha akasema, Abonesh, mume wangu alikufa anajiuliza amemkosea nini Tewabech. Nikasema najua. Halafu akainuka akawasha mkaa, akaniwekea kahawa, raundi zote tatu za desturi. Anasema ukija Addis ufikie kwake kwanza, si kwangu, na mimi sina la kupinga.

Dokta Mahlet anataka kukiandika kisa upya, chenye dada wawili, na majina yetu ya kweli kama utakubali. Usipokubali, anakichoma. Neno lako ndilo la mwisho. Darasani watarudia mjadala Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, na wanauliza kama dada mwingine atakuja. Tariku ameuliza mara mbili. Nadhani anataka kujua kama wewe nawe unanyamaza.

Ato Kinfe alikuja jana kutaka jibu lake, amevaa koti jipya. Wanawake walikuwa wananitazama, kila mmoja na kikaango chake. Nikamwambia asubiri au aende kwa jirani, atakavyo, ila mimi simjibu. Swali hili liliwahi kuulizwa kwenye nyumba hii, na aliyelijibu sawasawa yuko Dessie. Mpaka aulizwe yeye.

Kwa hiyo nakuuliza, dada. Njoo uniambie, au niandikie, au nitumie matusi kwa mtu yeyote anayepanda basi, nitayapokea.

Nisalimie shemeji Mulat, na watoto wenu, na yule mjukuu aliyeanza kutembea. Mjane wa Gebeyehu anakusalimu, na wanawake wa jikoni wote wanakusalimu kwa jina. Fikirte anakusalimu, anasema asamehewe mwandiko.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mimi mdogo wako,
Abonesh